Kingamwili za CD4: Usihadaike na Bei ya Kichupa

Fungu la utafiti limebaki dogo na kingamwili ya kutambua CD4 inakaribia kwisha. Kabla ya kuagiza nyingine, jumlisha gharama zote, kisha ugawanye kwa idadi ya vipimo utakavyopata. Hiyo ndiyo bei halisi.

Polikloni. Hutoka kwenye damu ya mnyama aliyechanjwa, mara nyingi sungura au mbuzi. Ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi, na mnyama akifa, bechi inayofuata hailingani na ya kwanza. Kwa kuhesabu seli za CD4, achana nayo hata ikiwa rahisi.

Monokloni ya haibridoma. Njia hii ilibuniwa na Köhler na Milstein mwaka 1975. Kloni zinazofahamika, kama RPA-T4 na SK3, zina wauzaji wengi, kwa hiyo linganisha bei. Udhaifu wake uko kwenye seli zinazoitengeneza, yaani haibridoma: huweza kufa au kubadilika. Uchunguzi wa haibridoma 185 uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta karibu theluthi moja zikitengeneza minyororo ya ziada ya kingamwili, isiyotakiwa.

Monokloni rekombinanti. Mfuatano wake wa jeni unajulikana, hivyo bechi ya leo na ya miaka mitano ijayo hufanana. Mara nyingi bei yake iko juu. Baadhi zimerekebishwa mkia zisinate ovyo kwenye vipokezi vya Fc vya monosaiti, na hapo unaweza kuokoa pesa ya kizuizi cha Fc. Hata hivyo, jina pekee si dhamana. Dai picha za majaribio yaliyofanywa kwa mashine na aina ya sampuli unazotumia wewe.

Sasa gharama zisizoonekana kwenye bei ya tangazo: usafirishaji wa baridi, ushuru, wakala wa forodha na kingamwili linganishi. Ukinunua isiyo na rangi, utahitaji pia kingamwili ya pili yenye rangi. Mzigo ukikwama bandarini au uwanja wa ndege bila baridi, hasara inaweza kuwa yako, basi ulizia mapema nani atafidia.

Kichupa kikubwa hushusha bei ya kila kipimo, ila kinunue tu ikiwa utakimaliza kabla ya muda wake kuisha. Kingamwili zenye rangi ya PE au APC ziweke kwenye friji, gizani, na usizigandishe. Jaribu pia viwango vidogo kuliko kile kinachopendekezwa na muuzaji. Mara nyingi nusu yake hutosha, na vipimo huongezeka maradufu.

Angalizo: kingamwili iliyoandikwa kuwa ni ya utafiti pekee isitumike kutoa majibu ya wagonjwa.

Kwa kazi fupi ya bechi moja, nunua haibridoma ya kloni inayofahamika. Kwa utafiti wa miaka kadhaa, lipia rekombinanti, kwa sababu kurudia vipimo vya mwaka mzima ni ghali kuliko tofauti ya bei. Vyovyote utakavyochagua, andika namba ya kloni na ya bechi siku kichupa kinapofika.