Siku ya kupima mahindi, ordinatere inazimika

Mifuko ilikuwa kwenye mizani, wamemba wamepanga mustari, sekretere anaandika: jina, kilo, makuta. Mara ekrani ikawa nyeusi. Akawasha tena, dakika kumi, ikazimika tena. Umeme ulikuwapo. Lakini majina ya asubuhi yalipotea, na mama mmoja akauliza: «Sasa kilo zangu ziko wapi?»

Wengi walisema ni virusi. Lakini ukiweka mukono nyuma ya kasha, hewa inayotoka iko moto sana. Prosesere, ule ubongo wa ordinatere, inakaliwa juu na radiatere ya aluminiamu yenye mbavu kama za motere ya pikipiki, na ventilatere inayopuliza. Mbavu zikijaa vumbi, joto linapanda. Kwanza prosesere inapunguza mwendo. Joto likizidi kupanda inajizima ili isiungue.

Hapa Kalemie biro nyingi ziko ukuta kwa ukuta na mashini ya kusaga. Unga wa muhogo unaingia humo kila siku. Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu, safisha kwa burashi laini, halafu tikisa radiatere kidogo. Ikicheza, vile vipini vine vya plastiki vimechoka, na hapo radiatere mpya inafaa, ile ya kufunga kwa visi na bamba la chuma nyuma ya karti-mama.

Usinunue kwa macho! Vitu hivi vinatoka Lubumbashi ao vinavuka ziwa toka Kigoma, na kurudisha kilichokosewa si kazi ya kesho. Pima matundu manne yanayozunguka prosesere, katikati ya moja hadi katikati ya jirani yake. Kwa Intel za zamani za soketi 775 ni milimita 72. Kuanzia 1156 mpaka 1200 ni 75. Kwa 1700 ni 78. Za AMD hazina umbo la mraba, zina vifungo vyao. Pima pia urefu wa kwenda juu, sivyo mufuniko wa kasha hautafunga.

Siku ya kufunga, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha. Radiatere ya zamani usiivute kwa nguvu: izungushe polepole kushoto na kuume, maana kwa AMD prosesere inaweza kung'oka nayo. Pangusa pati kavu kwa kitambaa na alkoli ya famasi. Weka pati mpya kiasi cha punje ya mchele, si zaidi. Na ile karatasi ya plastiki chini ya radiatere mpya, itoe! Mafundi wazima wanaisahau.

Kaza visi kwa msalaba, mizunguko miwili hapa, miwili upande wa pili, mpaka zote zikamate. Ukimaliza moja kabla ya zingine, radiatere inakaa upande, na karti-mama inaweza kupasuka. Waya wa ventilatere uingie palipoandikwa CPU_FAN. Kisha washa, angalia ventilatere inazunguka, ndipo ufunge kasha.

Kilo za yule mama zilipatikana, kwa sababu mupimaji alikuwa anaandika pia kwenye kayé. Kayé hiyo bado iko pale mezani, na meza imesogezwa mbali na dirisha la mashini.