Ndugu wa Karibu na Watu wa Salamu Tu: Mama Anawahitaji Wote

Baada ya kujifungua, ndugu ndio wanaokubeba. Mama mzazi anapika uji, wifi anafua nepi, mume anambembeleza mtoto usiku. Msaada huu humpa mama nafasi ya kulala, kula na kunyonyesha vizuri.

Lakini watu wa nyumba moja mara nyingi wanajua mambo yale yale. Mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba habari mpya, kama za kazi, mara nyingi huletwa na watu tunaofahamiana nao kidogo tu, kwa sababu wao huchanganyika na watu tusiowajua.

Nikiwa muuguzi wa jamii, ninaliona hili kliniki. Nyumbani wote wanasema mama ni mvivu. Anayemwambia, "Hata mimi niliugua hivyo, nikatibiwa," ni mama aliyekaa naye benchi moja wakisubiri chanjo.

Mama, fanya haya:

- Mwambie ndugu msaada unaoutaka, kwa mfano akushikie mtoto saa moja ulale.
- Weka namba ya simu ya jirani na ya dereva wa teksi au bajaji kwa dharura ya usiku.
- Zungumza na kina mama wenzako kliniki.

Huzuni ikizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda siku hiyo hiyo. Usisubiri ndugu wakubaliane kwanza.