Mpasheni Hauna Dume

"Mtaalamu, mpasheni wangu ni dume. Nipige msumari mmoja au miwili ili uzae?"

Swali hili nimeulizwa Maili Moja, nimeulizwa Picha ya Ndege, huku huku Kibaha, na wiki iliyopita nimeulizwa tena Kisarawe na mzee aliyekwisha kupiga mitatu, akitaka kujua kama wa nne utatosha. Nimechoka kulijibu nyumba kwa nyumba. Naandika mara moja, na naomba usome hadi mwisho kabla hujashika nyundo.

Mpasheni hauna dume wala jike. Chuma ua moja leo mchana ulitazame. Katikati pamesimama kijiti. Juu yake vimekaa vifuko vitano vya unga wa njano, hiyo ndiyo chavua. Juu ya vifuko hivyo vimetokeza vijiti vitatu vyenye vichwa vinavyonata, na hapo ndipo chavua inapotakiwa kutua. Sehemu ya kiume na ya kike zimo ndani ya ua lile lile, kwenye kila mpasheni.

Imani ya msumari imehamia huku kutoka kwenye mpapai. Huko angalau madume yapo kweli. Tena mpapai dume, majira yakibadilika, wakati mwingine hutoa maua yanayoweza kubeba na kuning'iniza matunda machache bila kuguswa na mtu. Aliyepiga msumari mwezi huo akatangaza mtaa mzima. Waliopiga wasipate kitu wakanyamaza. Ndivyo dawa ya uongo inavyopata umri mrefu.

Kwenye mpasheni msumari hauna hata bahati hiyo. Unatoboa ganda, na kidonda karibu na udongo ni mlango wa ukungu unaoozesha shina. Mzee wa Kisarawe alinipeleka uani nikaone. Kuzunguka misumari ganda lilikuwa limegeuka kahawia na kulainika. Nilipobonyeza kwa kidole gumba maji yakatoka. Majani ya juu yalikuwa yameanza kunyauka. Mmea ule hauponi tena, na kabla ya nyundo haukuwa unaumwa chochote.

Sasa, kwa nini unachanua na hauzai? Pasheni ya njano, ambayo ndiyo inayostahimili joto letu la Pwani, huikataa chavua yake yenyewe. Hata ukiipaka kwa mkono, tunda halitungi. Inataka chavua ya mpasheni mwingine, uliotokana na mbegu nyingine. Hapa ndipo mitaa yetu inapoharibu mambo kwa wema. Mama mmoja anakata kipande cha mpasheni wake, anampa jirani. Jirani anamkatia shemeji, shemeji anawapa wapangaji. Nyua kumi zina mmea mmoja uliogawanywa vipande kumi. Vipande hivyo haviwezi kuzalishana hata vikikumbatiana juu ya ukuta. Maua yanafunguka kwa mamia, kesho yake yametapakaa chini, na kila nyumba inakwenda duka la pembejeo kununua busta yake. Busta haileti chavua. Urea nayo, ukiimwaga bila kipimo, inakuongezea majani.

La pili ni nyuki. Nyuki wa asali ni mdogo kwa ua hili. Anachukua unga na kuondoka bila kugusa vile vichwa vitatu. Kazi inafanywa na yule nyuki mweusi mkubwa anayevuma kama injini na kutoboa maboriti ya paa, tundu likitosha kidole cha mwisho. Mgongo wake unasugua vifuko na vichwa kwa pamoja. Huyo ndiye watu wanayemfukuza kwa petroli, kisha wananipigia simu kuuliza kwa nini maua yanadondoka. Nawasihi, mwacheni. Mfungieni gogo kavu au mianzi karibu na kichanja cha mpasheni atoboe huko. Na dawa ya wadudu isipulizwe mchana maua yakiwa wazi.

Kama nyuki hawapo, tumia vidole. Brazil, inayoongoza duniani kwa pasheni, wakulima wengi huwalipa vibarua kwa kazi hiyo hiyo. Ua la njano hufunguka kwenye saa sita mchana na kufunga usiku, halifunguki tena. Subiri vile vijiti vitatu vijipinde kuelekea chini, kwenye saa nane hivi. Pangusa unga wa mpasheni huu, upake kwenye vichwa vyote vitatu vya ule. Usiwe mchoyo: chavua kidogo huleta tunda jepesi, tupu ndani. Mvua ikinyesha kabla ya saa mbili kupita tangu upake, chavua iliyolowa hupasuka. Rudia kwa maua ya kesho.

Mengine kwa haraka. Panda miche miwili au mitatu ya mbegu kutoka matunda ya mimea tofauti. Weka juani, si chini ya mwembe. Pogoa baada ya mavuno, maana maua hutoka kwenye matawi mapya. Pasheni ya zambarau kutoka Lushoto hujichavusha, lakini inataka baridi ya milimani. Kibaha itakupa majani mengi na maua ya kuhesabu. Na wanaouziwa miche ya kiwi: kiwi ndiyo yenye dume na jike kwenye mimea tofauti, tena aina iliyozoeleka hutaka mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 kila mwaka. Kibaha na Kisarawe hazipati hata saa moja. Weka hela yako.

Ukishapaka, funga uzi kwenye kikonyo cha ua hilo. Baada ya siku tatu au nne, chini ya petali zilizonyauka, utaona kitu cha kijani kimeanza kuvimba. Hapo nipigie simu; habari hiyo nitaipokea hata usiku.