Kiharusi: Ubongo Una Saa Yake (3)

Juma lililopita tuliuacha mrija mwembamba umeingilia kinenani, ukapanda kifuani na shingoni hadi kwenye bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, na bonge likavutwa nje. Msomaji anaweza kusema: basi kila mwenye kiharusi apelekwe huko. Haiwi hivyo. Bonge linaweza kutoka lote na mgonjwa asiinuke kitandani, kwa kuwa ubongo uliokuwa ukilia njaa ya damu ulikwisha kufa kabla mrija haujafika. Ni kama kufungulia maji mfereji wa shamba ambalo mpunga wake umeshakauka. Tena kuna hatari zaidi: damu ikirudi kwa nguvu kwenye nyama iliyokufa, inaweza kuvuja.

Kwa miaka mingi madaktari walichuja wagonjwa kwa saa ya ukutani. Ndugu waliulizwa, na bado huulizwa: "Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi?" Angalia, hawaulizwi walimkuta saa ngapi. Mzee aliyeaga kwenda kulala saa 4 usiku, akakutwa saa 12 asubuhi mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki, huhesabiwa ana saa 8, hata kama bonge lilimpata saa 11 alfajiri. Kikomo kilichozoeleka kilikuwa saa 6. Mlango ulishafungwa akiwa bado usingizini.

Mwaka 2006 Jeffrey Saver wa Marekani alikokotoa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Hesabu hiyo imewahimiza wengi kukimbia, na ni vizuri. Lakini ni wastani, na wastani huficha watu. Barabara kuu ikifungwa, mwenye vichochoro vingi bado hufika. Ubongo wenye vijishipa vizuri vya pembeni huweza kujishikiza kwa saa nyingi, na usio navyo huisha upesi.

Sehemu hiyo inayojishikiza ina jina lililotoka kwenye kupatwa kwa jua. Miaka ya 1970 Jens Astrup, Lindsay Symon na wenzao, katika majaribio ya nyani mjini London, waliona kwamba damu ikipungua hadi kiwango fulani seli hunyamaza, haziwasiliani tena, ila hazijafa. Hufa ikipungua zaidi ya hapo. Eneo hilo wakaliita penumbra, yaani kivuli hafifu. Tarehe 1 Septemba 2016 watu wa Rujewa, mkoani Mbeya, waliliona jua limebaki pete. Sisi wa Dar es Salaam tuliliona limemegwa tu: tulikuwa ndani ya kivuli hafifu. Mkono wa yule mzee umelala, lakini huenda seli zinazouendesha ziko Dar es Salaam, si kaburini.

Utajuaje? Kwa picha. Ya kwanza ni CT-Scan ya kawaida, inayotenga kiharusi cha kuvuja damu na cha kuziba. Damu mbichi huonekana nyeupe pale pale. Penye kuziba, ukitazama haraka huoni kitu. Jicho lililozoea hulinganisha kushoto na kulia: upande mmoja mpaka kati ya tabaka la kijivu na jeupe umefifia, kama wino uliodondokewa na maji, na pengine mshipa wenyewe unang'aa kama uzi. Uzi huo ndilo bonge. Mwaka 2000 madaktari wa Calgary, Kanada, waliligawa eneo linalolishwa na mshipa wa kati katika vipande 10; kila kipande kilichofifia hukatwa alama moja.

Kisha hupigwa picha yenye dawa ya kung'arisha mishipa, kuonyesha palipoziba. Hatua hii si ya kurukwa. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2013 hazikuona faida ya kuvuta bonge, na sababu mojawapo ni kwamba wengi waliingizwa bila kuthibitishwa kuwa wana bonge la kuvutwa. Mwaka 2015 utafiti wa Uholanzi, MR CLEAN, ulipodai uthibitisho huo kwa wagonjwa 500, waliorudi kujitegemea walikuwa 33 katika kila 100, dhidi ya 19 waliotibiwa bila kuvutwa.

Picha ya tatu hupima mwendo wa damu. Kompyuta hupaka rangi moja palipobaki chini ya asilimia 30 ya mtiririko, na kupahesabu pamekufa. Hupaka rangi nyingine panapocheleweshewa damu zaidi ya sekunde 6. Utafiti wa DEFUSE 3 wa mwaka 2018 ulidai eneo lililokufa liwe chini ya mililita 70, takriban kikombe kimoja cha kahawa chungu, na linalocheleweshewa liwe angalau mara 1.8 yake. DAWN, wa wakati huo huo, ulipokea watu wa kati ya saa 6 na 24, zaidi ya nusu wakiwa wameamka na kiharusi. Waliojitegemea baada ya siku 90 walikuwa 49 katika kila 100, dhidi ya 13.

Kwa maoni yangu chekeche hilo lilikaza mno. Mwaka 2022 Wajapani waliwavuta bonge wagonjwa wenye alama 3 hadi 5 tu, watu ambao kwingine wangerudishwa wodini. Waliovuja damu waliongezeka, lakini walioweza kutembea wenyewe walikuwa 31 katika kila 100, dhidi ya 13. Kwa hospitali isiyo na programu ya kupaka rangi hiyo ni habari njema, kwa kuwa alama husomwa kwenye CT-Scan ya kawaida.

Na yule mzee? Kama mjukuu alimsikia saa 9 usiku akiomba maji kwa sauti yake ya kila siku, hesabu inaanzia hapo. Saa 12 asubuhi ana saa 3, si 8, na ile dawa ya kuyeyusha bonge tuliyoizungumza sehemu ya kwanza, ambayo kikomo chake ni saa 4 na nusu, bado inaweza kumfaa. Mjukuu naye aulizwe.

Itaendelea.