Tulikwenda Dolwe Kuona Mawe

Mwezi huu tunawaletea habari ya safari.

Ilianza hivi. Watoto waliona kitabuni picha ya Rapa Nui, kisiwa cha mbali sana katika bahari ya Pasifiki, chini ya nchi ya Chile. Kina sanamu za mawe zaidi ya 800, za watu wa kale. Mtoto mmoja akauliza, "Na huku hakuna kisiwa kama hicho?" Sisi wakubwa tukatazamana. Kumbe, hata kama sanamu hakuna, kisiwa cha mawe ya kale kipo! Kinaitwa Dolwe, wengine husema Lolui, ndani ya Ziwa Victoria, wilaya ya Namayingo.

Tulikuwa watu tisa, pamoja na bibi mmoja wa Uvira aliyekataa kabisa kubaki. Tulilala Wanale, Mbale, kwa ndugu zetu waliopanga nyumba huko. Alfajiri tukashika barabara ya Tororo, tukapita Bugiri mpaka Namayingo, halafu ziwani. Tukavaa maboya, tukaingia mashua ya injini. Wengine wetu tulinyamaza kimya, maana mara ya mwisho kupanda mashua tulikuwa tunakimbia.

Dolwe ni kisiwa cha majani na mawe makubwa ya matale. Siku hizi wavuvi wengi wanaishi pale. Mvuvi mmoja alitupeleka kwenye miamba yenye michoro ya kale. Wataalamu wanasema michoro ya namna hii, kama ile maarufu ya Nyero kule Kumi, ilichorwa na wawindaji na wachuma matunda wa zamani, watu wa jamaa ya Wabatwa. Mwaka 1997 Uganda iliiandikisha UNESCO kwenye orodha ya kungojea kuwa urithi wa dunia, Dolwe ikiwemo.

Baadaye akatuonyesha jiwe lenye vishimo vya kugongwagongwa. Akaokota kijiwe, akaligonga taratibu. Jamani, jiwe lililia kama kengele! Watoto walirukaruka. Ni ngoma ya mawe, na wachunguzi waliandika habari zake tangu 1965.

Lakini bibi yetu alikuwa ameshasimama pengine. Mwambani pale kuna mashimo mengi marefu, laini, yaliyochimbika kwa kusagia nafaka. Akainama, akaweka mikono shimoni, akaanza kuisukuma mbele na nyuma kama anasaga. Akasema, "Huyu mama alikuwa anasaga huku anaangalia ziwa. Na mimi langu nililiacha nyumbani. Jiwe hulibebi kichwani ukikimbia."

Tukamuuliza mvuvi, wenye mawe haya walikwenda wapi? Basi ikabidi tuwasimulie watoto habari ya malale. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ugonjwa huo, unaoletwa na mbung'o, uliua watu zaidi ya 200,000 pande hizi za ziwa, Busoga na Buganda. Serikali ya Waingereza ikaamuru watu wahame pwani na visiwa. Watu wa Dolwe nao wakaondolewa. Walibeba walichoweza, mawe yakabaki. Kisiwa kikakaa miaka mingi bila vijiji, wavuvi wakipita tu.

Mtoto aliyeuliza lile swali akasema, "Kwa hiyo na wao walikuwa wakimbizi?" Hakuna aliyemjibu haraka. Bibi ndiye aliyesema, "Walikuwa watu wenye kwao. Angalia, mahali pao pa kusagia bado papo."

Tuliporudi tukaona tuwaombe jambo moja. Watoto wengi hapa kambini wamezaliwa hapa hapa, nyumbani wanakusikia tu. Jioni moja mkae nao muwaambie ni kitu gani mliacha ambacho hakibebeki: jiwe, kisima, mti, kaburi la babu. Kilikuwa upande gani wa nyumba? Nani alikitumia? Halafu watoto wachore na mzazi aandike maneno machache, kwa lugha yoyote ya nyumbani. Leteni kwenye sanduku la jarida kabla ya mwisho wa mwezi, tutachapa tutakazoweza.

Bibi ameshaleta ya kwake, mjukuu ndiye aliyechora. Ni jiwe la kusagia chini ya mwembe, na mlango wa jikoni uko wazi.