Ini Linapoasi Nusu ya Amri

Wapo wengi wanaoamini kwamba kolesteroli yote iliyomo katika damu ya mtu imetoka katika sahani yake. Imani hiyo si sahihi. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini, kwani hakuna seli ya mwili inayoweza kuishi bila ya kitu hicho.

Seli huendesha kazi hiyo kama mtunza bohari wa kikosi. Akiba inapotosha, protini maalumu hubaki imefungwa mahali pake. Akiba ikipungua, kipande cha protini hiyo hukatwa, huingia katika kiini cha seli, na hapo kolesteroli mpya huanza kutengenezwa na malango ya kuivuta kutoka katika damu huongezwa. Malango hayo ndiyo yaliyowapatia Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Afrika ya Mashariki ilikwisha kutoa ushahidi wake. Mwaka 1962 daktari Gerald Shaper, aliyekuwa Makerere, alieleza kwamba Wasamburu wa Kenya, wanywaji wakubwa wa maziwa, walikuwa na kolesteroli ndogo katika damu. Uchunguzi wa mwaka 1971 ulionyesha kwamba mwili wa Mmasai hupunguza utengenezaji wake pale kolesteroli ya chakula inapozidi. Lakini watu hao walitembea mwendo mrefu kila siku, na sukari haikuwa chakula chao.

Askari aliyekulia katika kambi za ng'ombe za Terekeka, na sasa akawa anashinda kitini mjini Juba kwa chai ya sukari nyingi na soda, yumo katika hali nyingine kabisa. Insulini huliamuru ini mambo mawili: lisitoe sukari, na sukari iliyozidi liigeuze kuwa mafuta. Katika kisukari cha aina ya pili, ini huiasi amri ya kwanza na kuendelea kuitii ya pili. Kongosho, likitaka kutiiwa, huongeza insulini. Nayo amri ya pili hutekelezwa kwa nguvu zaidi. Hivyo sukari na mafuta hupanda kwa pamoja, na mwenye maradhi huweza kusimama katika gwaride akionekana mzima.

Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu hata insulini inapopuuzwa, na kila inavyochukua zaidi, ndivyo mzigo wa kongosho unavyopungua.