Kabla ya Kuhamia Pwani, Tazama Kwanza Mbu na Kisima

Kila mwaka zipo familia za huku milimani zinazofunga mizigo kuelekea pwani. Wengine wamehamishwa kikazi, wengine wanafuata shughuli za bandari ya Tanga au mashamba ya korosho ya kusini, na wapo wastaafu waliochoka na baridi wanaotafuta kiwanja karibu na bahari. Wanapochagua mahali huuliza bei, umbali wa barabara ya lami, shule na kanisa. Maswali hayo ni halali kabisa. Ila liko moja ambalo kwa kawaida huulizwa baadaye, mtoto akiwa tayari amelazwa: je, mahali hapa pana malaria kiasi gani, na miili yetu imeizoea?

Hili si jambo dogo. Mbu anayeeneza malaria hata huku kwetu wapo wachache, lakini kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mwili wa mbu. Joto likiwa chini ya nyuzi 16 hivi, kimelea cha ile malaria kali hakikui. Likiwa nyuzi 20, huchukua karibu mwezi mzima, na mbu wengi wamekwisha kufa kabla ya wakati huo. Kwenye nyuzi 28, ambazo pwani ni hali ya kila siku, siku kumi zinatosha. Ndiyo sababu mtu aliyezaliwa na kukulia milimani anaweza kufikisha miaka arobaini bila kuumwa malaria hata mara moja. Akiishuka pwani, mwili wake ni mgeni kama wa mtoto mchanga.

Mwenyeji wa pwani naye hazaliwi na mwili wa chuma. Kinga yake ameilipia: ameumwa mara nyingi utotoni, wengine wa rika lake wamekufa, na yeye amebaki na mwili uliojifunza kupambana. Akiumwa ukubwani mara nyingi huwa homa ya siku mbili tatu na kichwa kuuma. Mgeni wa milimani, hata akiwa baba mwenye nguvu za kubeba gunia, anaweza kupoteza fahamu kwa ugonjwa ule ule. Kwa hiyo jirani atakapowaambia, "Homa ya hapa ni ya kawaida tu," anasema kweli kwa upande wake. Si kweli kwa upande wenu.

Wazee wa Usambaa walilijua hili kabla ya darubini. Walijenga vijiji vyao juu milimani, wakateremka kulima nyika, lakini hawakupenda kulala huko. Na atakayefika Bagamoyo aingie katika makaburi ya wamisionari. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868, na wengi wao walizikwa wangali vijana kwa sababu ya homa. Walitoka Ulaya bila kinga yoyote. Kwa jambo hili moja, sisi wa nyanda za juu tunafanana nao kuliko tunavyofanana na Wazaramo.

Pwani si moja

Kosa la pili ni kudhani kwamba pwani yote ni sawa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania Bara, wenye vimelea vya malaria walikuwa karibu 8 katika kila 100. Mkoani Mtwara walikuwa karibu 20. Jijini Dar es Salaam walikuwa chini mno ya wastani wa taifa. Mikoa yote miwili inapakana na Bahari ya Hindi, tena joto lake halitofautiani sana. Tofauti iko katika makazi: mjini ardhi imejengwa, maji mengi ni machafu na mbu wa malaria hayapendi, na watu ni wengi kwa kila mbu. Vijijini kuna madimbwi safi yanayopata jua, majaruba ya mpunga, na nyumba zenye uwazi kati ya ukuta na paa.

Hata ndani ya wilaya moja mambo hubadilika kwa mwendo wa nusu saa. Mabonde ya Wami, Ruvu na Rufiji yana ardhi nzuri na viwanja rahisi, na huo urahisi una sababu yake. Vivyo hivyo ukingo wa mikoko. Utaambiwa kwamba maji ya chumvi hayazai mbu. Si kweli: katika mwambao wetu yupo mbu wa malaria anayezaliana katika maji yenye chumvi, kwenye madimbwi yanayoachwa na bahari inapokupwa.

Kwa hiyo, nendeni mkaone wenyewe, na mwende wakati unaofaa. Watu wengi huenda kutazama kiwanja mwezi Julai au Agosti. Wakati huo pwani ni nzuri mno: upepo wa kusi unavuma, ardhi imekauka, mbu wamepungua. Nendeni masika, yaani kati ya Machi na Mei kwa upande wa Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam. Kwa Lindi na Mtwara, ambako msimu wa mvua ni mmoja, nendeni Januari hadi Aprili. Laleni pale usiku mmoja au miwili, ndani ya chandarua, na mhesabu wenyewe mbu wanaolia nje yake. Asubuhi tembeeni eneo lote: wapi maji yamesimama, je, gari linafika au limekwama? Mwaka 2011 mwezi Desemba mafuriko yaliua watu Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2024 mto Rufiji ulifunika vijiji na mashamba. Alama ya maji hubaki ukutani; usione haya kuuliza ilifika wapi.

Kisha piteni zahanati. Mwulizeni mganga mfawidhi, kwa adabu, ni wagonjwa wangapi wanaopimwa malaria kwa mwezi na wangapi hukutwa nayo, na kama dawa hukatika. Majibu ya mtu huyo yana thamani kuliko maneno ya dalali.

Kuchagua mjini hakumaanishi kuwakimbia mbu wote. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengue, mathalani mwaka 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana, na huzaliana katika maji safi ya nyumbani: pipa lisilofunikwa, matairi, vifuu vya nazi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Mtu mwenye homa kali na maumivu ya viungo ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, asipewe aspirini wala diklofenaki, kwa maana huweza kuchochea kutokwa damu. Parasetamoli na vinywaji vingi, na hospitali mapema.

Wapo pia mbu wa vyoo, wale wa matende na mabusha. Ugonjwa huu hauji kwa kuumwa mara moja. Huhitaji miaka ya kuumwa na mbu wengi. Ugawaji wa dawa wa kitaifa kwa Bara ulianzia Mafia mwaka 2000, na ugonjwa umepungua sana. Lakini choo kilichojaa maji bado ni kiwanda cha mbu. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 watafiti walimwaga ndani ya vyoo chenga nyepesi za plastiki, za aina ile ya kufungashia redio, zikaelea na kuufunika uso wa maji, mbu wakakosa pa kutagia. Wakazi nao walipewa dawa ya minyoo hiyo, na maambukizi yakaporomoka. Sehemu ambayo mkichimba mita mbili mnakuta maji, choo chenu kitakuwa hivyo hivyo, basi pangeni mapema namna ya kukifunika na kuweka wavu kwenye bomba la hewa.

Kisima

Wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro wanajua maji yanayoharibu meno ya watoto. Pwani shida ni nyingine, ni chumvi. Maji matamu ya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Visima vikizidi, au kiangazi kikirefuka, maji ya bahari hupanda. Kwa hiyo kisima kitamu mwezi Mei huweza kuwa cha chumvi mwezi Februari. Kuchemsha hakuondoi chumvi, bali huizidisha. Maji ya namna hiyo hayamfai mzee mwenye presha, na ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa. Onjeni kisima cha jirani mwishoni mwa kiangazi, au ulizeni kina mama, maana wao ndio wanaojua ni mwezi gani huanza kununua maji kwa madumu na kwa shilingi ngapi.

Jambo lingine ni mwamba wa matumbawe. Una matundu kama sifongo, na maji machafu ya choo hupita ndani yake upesi bila kuchujwa. Ule umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima unaotosha kwenye udongo wetu mwekundu, kwenye matumbawe hautoshi kuwapa amani. Hapo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini siku zote, hata yawe meupe kama kioo. Na watoto wavae viatu, kwa kuwa mchanga wenye unyevu chini ya mikorosho ndiyo njia ya safura.

Nisisahau jikoni. Samaki aitwaye bunju, yule anayejijaza kama mpira, ana sumu ambayo moto hauiondoi. Watoto wasiokote samaki ufukweni na kumchoma. Na kusini kuna mihogo michungu ambayo wenyeji huiloweka na kuianika kwa siku kadhaa. Msifupishe kazi hiyo.

Nani atangulie?

Kwa maoni yangu familia yenye watoto wa chini ya miaka mitano isinunue kiwanja kwanza. Ipange nyumba mjini, Tanga au Mtwara au kwingineko, ndani ya mwendo mfupi wa hospitali, ipitishe msimu mmoja wa mvua, ndipo itafute shamba. Mama mjamzito, ikiwezekana, asihame mimba ikiwa changa au inapokaribia kujifungua. Akihama, aende kliniki wiki ile ile, apate chandarua chenye dawa, na aombe vidonge vya SP ambavyo hutolewa kuanzia mwezi wa nne wa mimba. Mtoto mwenye sikoseli msimhamishe kabla hamjaonana na daktari wake.

Umbali wa hospitali upimeni kwa saa za usiku, siyo kwa kilomita. Kilomita kumi zenye kivuko kinacholala saa nne ni mbali kuliko hamsini za lami. Kule kusini hospitali za Ndanda na Nyangao zimewahudumia watu kwa miaka mingi. Mjini Tanga iko Bombo, na Mtwara iko Ligula. Jueni njia ya kufika kabla ya kuihitaji, na muwe na namba ya mwenye pikipiki au gari anayekubali kuamshwa.

Mkishafika, kanuni ni moja: homa yoyote ipimwe siku ile ile. Msingoje kesho, na msianze kwa duka la dawa. Klorokwini ambayo wazee wetu waliizoea iliondolewa Tanzania Bara mwaka 2001 kwa kuwa vimelea viliishinda. Leo hutolewa dawa mseto, nayo humalizwa siku zote tatu hata mtoto akianza kucheza. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akihema kwa shida, akiwa na viganja vyeupe, akilegea au akipata degedege, hapo ni hospitali bila kupitia kwingine. Majirani wema watawaambia degedege si la sindano, wataje mganga. Washukuruni kwa kuja usiku, na muwaombe wawasaidie kumbeba mtoto hadi kwenye gari.

Mwambieni mtabibu wazi: "Sisi tumetoka milimani, hatujazoea malaria." Itamsaidia kupima uzito wa hali. Na mtakapopanda kuja huku kwa Krismasi, mtu akashikwa na homa ndani ya wiki mbili tatu, mwambieni vilevile mtabibu wa huku kwamba mnaishi pwani. Huku homa ya namna hiyo hudhaniwa kuwa mafua au nimonia, kipimo cha malaria kikaachwa, na siku mbili zikapita bure.